Chupa Kumi za Masanja

Wanangu mnaosoma famasia, na ninyi wa kemia mnaokuja kunitembelea hapa Tinde mkidhani mtaondoka na karanga za bure, kaeni chini leo niwaambie jambo. Kila mkija mnaniuliza neno moja: nano. "Mama Shija, ni kweli ulishawahi kushika dawa za nano?" Mnalitamka kama jina la mganga aliyetoka mbali. Nimezishika, ndiyo. Nimezichanganya kwa mikono hii hii mnayoiona inamenya karanga. Na nawaambia mapema kabisa kwamba udogo peke yake si sifa. Kiroboto naye ni mdogo, amemponya nani?

Nimekaa dirisha la dawa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza kwa kuosha chupa, nikamaliza mfamasia mwenye funguo zote kiunoni. Hospitali nilizofanyia kazi sizitaji, maana wengine bado wako kazini na sitaki simu zao. Ninachotaka kuwapa ni habari ya Masanja, mchimbaji wa dhahabu, ambaye siku moja kati yake na kaburi palikuwa na chupa kumi za dawa, na chupa hizo zilikuwa mikononi mwangu. Lakini siwezi kufika kwa Masanja kabla sijapita kwa mwalimu wangu, la sivyo hamtaelewa nilikosea wapi.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Balthazari, Msumbwa wa Ushirombo, mtu mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Enzi hizo dawa nyingi tulizichanganya wenyewe. Siku moja akanipa mafuta ya nyonyo, gundi na maji, akanielekeza: saga mafuta na gundi kwanza, tia maji kidogo yaliyopimwa, saga kwa nguvu mpaka usikie kinu kinalia tofauti, ndipo uongeze maji mengine polepole. Mimi nilikuwa na haraka. Kulikuwa na ngoma mjini, na ujana ni moshi. Nikamimina maji yote kwa mkupuo. Loo! Mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini, gundi ikafanya mabonge katikati.

Mzee hakufoka. Alichukua ile chupa, akaandika karatasi, "Kazi ya Kabula," ndilo jina langu la kuzaliwa, akaiweka dirishani wagonjwa wote waione. Ikakaa pale wiki nzima. Kina mama waliokuja na watoto wakauliza, "Kabula ndiye nani?" Nami nawahudumia nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku ya nane akaniita, akasema, "Dawa ina tabia. Kabla hujaituma mahali, jua kwanza inapenda kukaa na nani na inamkimbia nani. Ukishajua hilo, kusaga hata punda anaweza."

Sasa sikilizeni. Hayo aliyoyasema mzee yule, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, ndiyo kemia ya dawa. Ninyi mnaichorea pembe sita na mistari miwili miwili, mnafanya vizuri, lakini swali ni lile lile. Molekuli hii inapenda maji au mafuta? Ina chaji gani, na wapi? Itamshika nani, itamwachia lini? Hao wanaotengeneza vitufe vidogo vya kubebea dawa, wasipopata majibu hayo kwa mtu wa kemia, vitufe vyao vitabaki mapambo.

Nitawapa mfano niliouishi. Kuna ugonjwa wa fangasi unaoingia kwenye ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kichwa kinauma hadi mtu anajipiga ukutani, shingo inakakamaa, baadaye anapotea fahamu. Dawa yake ya zamani tuliijua vizuri na tuliichukia vizuri. Ni dawa ya njano, inaua fangasi kweli, lakini haiyeyuki kwenye maji. Wataalamu wa kwanza wakaiyeyusha kwa chumvi ya nyongo, wakatuletea. Ikifika kwenye damu, ile chumvi ya nyongo inaiachia mapema, dawa inabaki bila mwenyeji, inaingia popote, na figo ndizo zinazolipa. Mgonjwa anatetemeka, kitanda kinagonga sakafu. Tuliiweka siku baada ya siku huku tunapima figo na kumwomba Mungu. Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka Nkome, mcheshi wa kupindukia. Siku ya tano akanishika mkono akaniambia, "Mayu, mama yangu, niachieni ugonjwa wangu, dawa yenu chukueni." Tulimcheka, naye akacheka. Figo zake zilikataa siku ya tisa, tukampoteza. Mpaka leo sijazoea kulisema jambo hilo.

Kwa hiyo, tulipoitwa semina Mwanza, kijana mmoja mwalimu wa chuo, shati limemkaa sawasawa, akaanza kusifia kitufe cha mafuta kinachoitwa liposomu, mimi sikupiga makofi. Alisema ni kidogo kiasi kwamba ukichukua milimita moja ukaigawa vipande milioni, kitufe hakifiki vipande mia. Watu wakasema, "Aaah!" Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, shikamoo hukuniamkia lakini nakusamehe. Ni dawa ile ile ya njano?" Akasema ndiyo. "Haikubadilishwa hata kidogo?" Haikubadilishwa. "Basi nani anaizuia isitoroke humo ndani kama ilivyotoroka kwenye nyongo?"

Yule kijana akatabasamu, akafuta ubao. Hapo ndipo nilipompenda. Akachora molekuli, ndefu kama fimbo. Ubavu mmoja unapenda maji, ubavu wa pili unayakimbia. Mwishoni ina sukari, na kwenye sukari pana chaji chanya. Akasema watu wa kemia walikaa na fimbo hiyo miaka, wakajua kila pembe yake, ndipo wakachagua mafuta ya kujengea kitufe: mojawapo lina chaji hasi, likae mkabala na ile chanya, zishikane. Wakaongeza lehemu, yaani kolesteroli, kwa sababu ule ubavu unaoyakimbia maji unapenda kuegemea lehemu. Hivyo dawa haikuwekwa ndani ya kitufe kama mahindi kwenye gunia. Imefumwa kwenye ukuta wenyewe.

"Na itatokaje ikifika?" nikauliza. Semina nzima sasa imegeuka kunitazama mimi. Akasema fangasi wana mafuta yao wenyewe kwenye ngozi zao, nayo dawa hiyo inayapenda kuliko inavyoipenda lehemu yetu. Kitufe kikimfikia fangasi, dawa inamhama mwenyeji wa zamani, inamwendea mpenzi wake wa kweli. Figo inapitwa, au inaguswa kidogo tu. Nilipiga makofi peke yangu, kwa nguvu, nikamkumbuka yule mama wa Nkome, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Tena si hiyo tu. Jioni ya siku hiyo nikambana chai mkononi, akanieleza dawa moja ya saratani. Hiyo wanaipitisha kwenye ukuta wa kitufe ikiwa haina chaji, inapenya bila shida. Ndani wameshaandaa tindikali. Ikiingia inapata chaji, kutoka haiwezi tena, kama samaki aliyeingia kwenye mgono. Nyingine wanaifunga kwenye kibebeo kwa kifungo kinachokatika panapokuwa na tindikali tu, nyingine wanaipachika mkia wa mafuta ikubali kukaa humo, halafu mwili wenyewe unaukata mkia baadaye. Vyote hivyo ni ufundi wa mtu anayeijua molekuli. Msije mkadanganywa kwamba mhandisi wa vitufe ndiye bwana harusi na ninyi wa kemia ni wapishi.

Haya, Masanja.

Aliletwa Jumanne asubuhi kutoka machimbo ya upande wa Geita, amelazwa kwenye pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kichwa kimefungwa kanga. Aliyemleta ni kaka yake, Maduhu, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mabega kama mlango, viatu vya mpira vimejaa tope la kijivu. Masanja alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi, akahama machimbo, akahama tena, dawa akaziacha njiani. Daktari Neema, binti mdogo lakini mkali kazini, alipima, akarudi na jibu: fangasi wa ubongo. Akaniuliza, "Mama, ile mpya ipo?"

Ilikuwepo, ile ya vitufe, chupa kumi, zimefika wiki ile ile kutoka mkoani. Dawa hiyo mpya, tofauti na ile ya zamani, kwa ugonjwa huu inawekwa mara moja tu, dozi moja kubwa, pamoja na vidonge vya kusaidiana nayo. Masanja tulimpima tukapata kilo hamsini, na kilo hamsini zinataka chupa kumi kamili. Hakuna ya akiba. Nyingine zingekuja baada ya wiki moja au zaidi, na Daktari Neema alinitazama usoni akasema, "Wiki hana."

Dawa hii inatiwa maji safi ya sindano, halafu unaitikisa kwa nguvu kama una ugomvi nayo. Zipo nyingine za vitufe ambazo ukizitikisa umeziua, kwa hiyo msiige, someni karatasi ya kila dawa. Kisha kila chupa unaivuta kwa bomba, unaipitisha kwenye kichujio chake, kichujio kipya kwa kila chupa, unaingiza kwenye mfuko wa maji ya glukosi. Maji ya chumvi ni marufuku. Nilijifungia chumba cha kuchanganyia, nikavaa glavu, nikaanza. Moja, mbili, tatu.

Kumbe Maduhu amesimama nje ya kile kidirisha cha kioo, pua imegusa kioo, anahesabu. Nilimwona. Nikamgeuzia mgongo. Nilichukia kutazamwa kazini, nilikuwa na kiburi hicho, nakiri.

Nilipotoka na mfuko wa nusu lita, maji ya njano yametulia, akajisogeza mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pisha, baba, mgonjwa wako anangoja."

Hakupisha. "Mama, zimeingia kumi. Nimehesabu. Umezipitisha kwenye vichujio kumi. Vichujio viko wapi?"

"Nimevitupa."

"Umevitupa wapi?"

"Kwenye ndoo ya taka! Kwani unavitaka vya nini?"

"Marudio," akasema. "Marudio ya dawa ya mdogo wangu nayataka. Bila hayo, hachomwi kitu hapa. Nina usafiri nje, nampeleka kwa wengine."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Mimi? Mimi Mama Shija niitwe mwizi kwenye mlango wangu mwenyewe, tena na mtu ambaye viatu vyake vimeharibu sakafu iliyopigwa deki? Mdomo ulikuwa umeshafunguka nimwite mlinzi. Nasema kweli, ningemwita, Maduhu angeng'ang'ana, wangesukumana, na Masanja angepakiwa tena kwenye ile pikipiki.

Kilichonizuia ni lile neno lake, marudio. Ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze. Kule kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, mwenye mawe hasogei. Mawe yake yakisagwa, yuko hapo. Yakioshwa, yuko hapo. Mchanga unaobaki baada ya kuosha ndio marudio, na ndani yake bado mna dhahabu. Watu wamejenga nyumba kwa marudio ya wenzao. Mtu akijifungia kuchuja mali yako, akatoka na kidogo, akakwambia mengine ametupa, huyo kule hahitaji kesi, amekwisha kuiba. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mbele ya macho ya mchimbaji. Hasira ikaanza kushuka, ikaniachia aibu kidogo.

"Vua viatu," nikamwambia. "Ingia."

Akavua. Akanawa mikono kama nilivyomwagiza, akasimama katikati ya chumba kile ameshika mikono nyuma, anaogopa kugusa meza. Nikavitoa vichujio kwenye ndoo, nikamwonyesha mwangani. "Ona. Humu hakuna kilichobaki ila unyevu. Kichujio kinakamata mabonge na uchafu. Dawa yenyewe imepita, kwa sababu imekaa kwenye vitufe vya mafuta vidogo mno, havigusi hata kingo za matundu."

Akavigeuza geuza. Mtu yule alikuwa na jicho, jamani. "Vimepita vikiwa na dawa ndani?"

"Ukutani mwake. Zebaki inakamataje dhahabu kwenye karai?"

"Inaipenda. Mchanga haiutaki."

"Ehee. Na unazitenganishaje?"

"Kwa moto, mama."

"Na moshi wake mnauvuta, mnakufa, tumewaambia mpaka tumechoka. Sasa haya mafuta yanaipenda dawa kwa namna hiyo. Yanaishika njiani, yasiiachie kwenye figo. Ikifika kwa fangasi inaachia bila moto, kwa sababu inampenda fangasi zaidi."

Akavirudisha mkononi mwangu. "Na ikiachia njiani?"

Sikulazimika kumjibu kwa vitendo. Lakini mimi napenda kufundisha, na hasira ilikuwa imeshageuka kuwa majivuno. Nikachukua vikombe viwili vya dawa, kimoja maji ya glukosi, kimoja maji ya chumvi. Nikakusanya matone yaliyobaki mle chupani, kidogo huku, kidogo kule. "Chumvi ina chaji zake nyingi," nikamwambia. "Ikijaa pale, inaingilia wale walioshikana. Tazama."

Tukatazama, vichwa viwili vimeinama juu ya meza. Cha glukosi kikabaki cha njano, kimetulia. Cha chumvi kikatulia pia kwa muda, nikaanza kuona haya, halafu kikaanza kuchafuka. Vichembe vikajitokeza, vikashuka chini polepole.

"Imekatika," Maduhu akasema. "Kama maziwa."

"Imekatika. Hiyo ukimpa mtu, si dawa tena, ni balaa kwenye mshipa."

Nikajisikia vizuri sana. Nikachukua mfuko wangu, niende zangu wodini. Maduhu hakusogea. Alikuwa ameshika ile chupa ya maji ya chumvi, anasoma karatasi yake herufi moja moja, midomo inacheza.

"Mama," akasema, kwa sauti ya chini sasa, bila ubishi wowote. "Si ndiyo hii iliyoning'inia kwa Masanja tangu asubuhi?"

Wanangu, damu iliniisha mwilini.

Daktari Neema alikuwa ameagiza lita nzima ya maji ya chumvi kabla ya dawa, ili kulinda figo. Agizo sahihi kabisa. Maji yale yalikuwa yamepita kwenye mrija ule ule ambao dawa ingepitia, kanula ile ile mkononi mwake, na mrija wote umejaa chumvi. Dawa hii hairuhusiwi kuunganishwa hapo mpaka mrija usuuzwe kwanza kwa glukosi, au uwekwe mwingine. Kuandika onyo hilo kwenye karatasi ya mfuko ni kazi ya mfamasia. Nikautazama mfuko wangu. Nilikuwa nimeandika jina, kilo, dozi, saa. Kusuuza sikuandika. Nilipofika kwenye mstari huo nilimwona Maduhu kwenye kioo, nikakasirika, nikageuza mgongo, nikaruka mstari.

Na nilikuwa najua! Nilifundisha wanafunzi jambo hilo hilo, nikawanyima alama waliolisahau. Nesi Rehema wa wodini angeupokea mfuko kutoka kwangu, angeunganisha hapo hapo, kwa sababu karatasi haikusema vinginevyo na kwa sababu ananiamini. Chupa zote kumi zingekuwa zinakatikia ndani ya mrija au ndani ya mshipa wa mtu, nami niko kantini nakunywa chai.

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, magoti haya haya, nikakimbia kwenye ule ukumbi na mfuko kifuani kama mwizi wa kweli. Nikafika wodini nikasema kwa sauti yangu ya mamlaka, ile mnayoijua, "Hapa hakuna mtu kuunganisha kitu mpaka mrija usuuzwe kwa glukosi! Chumvi itoke yote!" Nesi Rehema akashtuka, akasuuza. Mimi nimesimama juu yake. Nikaandika onyo kwenye mfuko. Kisha dawa ikaanza kushuka, tone kwa tone, zaidi ya saa mbili. Maduhu alikaa kwenye kibao kando ya kitanda, hakuondoa macho kwenye matone mpaka mfuko ukaisha.

Masanja alitetemeka kidogo, tukamfunika. Daktari Neema alimtoa maji ya uti wa mgongo siku ile na siku zilizofuata, kupunguza msukumo kichwani, vidonge tukampitishia kwa mpira wa puani. Figo zake nilizifuatilia kila asubuhi kuliko ninavyofuatilia taarifa ya habari. Zilihimili. Siku ya nne akafumbua macho, akamtazama kaka yake, akamwuliza kwa Kisukuma kama viatu vyake viko salama. Maduhu akaangua kilio, mtu mzima, mbele ya wodi nzima, anashukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja." Wiki chache baadaye Masanja alitoka kwa miguu yake, amebeba mfuko wa vidonge na karatasi ya kliniki. Bado yu hai. Ameacha machimbo, anauza vipuri vya pikipiki, na vidonge vyake hakosi hata siku moja.

Habari ikaenea hospitalini: Mama Shija amekimbia mpaka wodini, ameokoa dozi. Ikawa hadithi ya kuwafundishia wanafunzi. Nilipostaafu wakanifanyia sherehe, Daktari Neema akasimama akaisimulia vizuri, mpaka akaigiza sauti yangu. "Hapa hakuna mtu kuunganisha kitu!" Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, nikalishwa keki.

Maduhu alikuwa amealikwa, amekaa safu ya mwisho na mdogo wake, shati jipya, alama ya mikunjo ya dukani bado inaonekana. Nilimtazama. Nilingoja asimame aseme. Nilikuwa tayari akisema, ningekubali. Naye alipiga makofi kuliko wote, mikono juu ya kichwa. Baadaye akaja kunipa mkono, nikamwuliza pembeni, "Baba, mbona hukusema?" Akashangaa kweli kweli. "Niseme nini, mama? Mimi niliuliza tu."

Nami nilikuwa na kipaza sauti mkononi dakika chache kabla ya hapo, nikashukuru uongozi, nikashukuru kwaya, nikashukuru waliopika. Nikakaa.

Ndiyo maana leo nimewakalisha. Mtafika kazini mtaikuta hadithi ile, mtaambiwa kuna mama mmoja alikumbuka kusuuza mrija. Hakukumbuka. Aliyekumbuka ni mchimbaji aliyeishia darasa la nne, aliyekuwa amesimama mlangoni kwangu kwa sababu alidhani ninamwibia.